Rangi ya mdomo itakayovumilia biriani

SWALI: Asalaam aleikum mama. Mie niko Wete. Mdogo wangu anaolewa mfunguo mosi, na mpambaji wa kutoka Unguja ametushinda kwa bei, kwa hivyo nimeambiwa nimpambe mwenyewe hapa hapa nyumbani. Uso nauweza, macho nayaweza, mdomo ndio unaonitoa jasho. Nimenunua lipstiki ya maji iliyoandikwa saa 24, nikajijaribia. Nikishakula tu inatoka katikati, pembeni inabaki duara, na ile iliyobaki inakatika vipande vipande. Nikiongeza juu yake ndio naharibu kabisa. Bibi yetu anasema nimpake piko, kama ya mikononi, itakaa wiki nzima. Halafu kuna suala la sala, maana rangi isiyotoka kwa maji na udhu vinakwendaje? Nisaidie.

JIBU: Waalaykumu salaam mwanangu, na Mwenyezi Mungu aijaalie harusi iwe ya kheri.

Nianze na bibi yenu kwa sababu hilo halingoji. Piko isiguse mdomo. Piko ya dukani, ile nyeusi ya kukorogwa, asili yake ni rangi ya nywele, na kinachoipa weusi ni kemikali iitwayo parafenilenidiamini, ambayo hufupishwa PPD. Wako watu walioipaka mikononi wakatoka malengelenge, na malengelenge yakaacha alama. Ubaya wake, mtu anaweza kuipaka mara nyingi asione kitu, halafu siku moja mwili ukaikataa, na tangu hapo hata rangi ya nywele hawezi kuigusa. Sasa hiyo ndio uiweke mdomoni, kwenye ngozi nyembamba, mahali itakaporambwa na kumezwa? Mwambie bibi kwa adabu, tena mkiwa wawili tu, kwamba umeuliza na umekatazwa. Lawama niangushieni mie. Hata mikononi siipendi, ila hilo hukuuliza.

Tuje kwenye duara lako. Lipstiki uliyonunua si lazima iwe mbovu. Hizi lipstiki za maji zinazokauka zimechanganywa na rangi yenyewe, resini ya kushikilia rangi, na kiyeyusho chepesi ambacho kazi yake ni kuruka hewani tu. Mara nyingi kiyeyusho hicho ni isododekeni. Soma viungo nyuma ya boksi, utaikuta mwanzoni mwanzoni. Ukishapaka, kiyeyusho kinaruka, resini inabaki imeikamata rangi, na mdomo unakuwa umevaa utando. Utando huo hauogopi maji. Unaogopa mafuta. Ndio maana ukinywa maji huoni hasara, lakini ukila sambusa unaiona. Biriani, katlesi, bajia, vyote vinakuja na mafuta yao, na mafuta yanaingia kwanza pale katikati kwa ndani, panapopita kijiko na ulimi. Pembeni hapaguswi, kwa hivyo panabaki.

Kukatika vipande ni jambo jengine. Hilo ni unene. Utando mwembamba unakunjika pamoja na mdomo unaposema na kucheka. Ulio mnene hauwezi kukunjika, unapasuka. Na kila ukiongeza rangi juu ya iliyoanza kupasuka, unaweka uzito juu ya msingi uliolegea, mwisho inabanduka yote kama chokaa ya kuta za Mji Mkongwe wakati wa masika. Ukitaka rangi ikae, paka kidogo. Najua mkono unataka kuongeza, khasa siku ya harusi. Uzuie.

Kuna njia mbili za kuifanya rangi ikae mdomoni, na wauzaji wanaziita kwa jina moja. Ya kwanza ni kuitia rangi ngozi yenyewe. Hiyo ina umri: mwaka 1950 mkemia wa Kimarekani, Hazel Bishop, alitoa lipstiki iliyotangazwa kuwa haiachi alama kwenye kikombe, na siri yake ilikuwa rangi zinazoshika kwenye ngozi badala ya kukaa juu yake. Tinti za mdomo za leo, zile nyepesi kama maji, ni ukoo huo huo. Ya pili ni huu utando wako, ulioenea miaka ya 1990. Tinti haibanduki kwa sababu haina cha kubanduka, ila inafifia, na peke yake haina uzito wa kumpendeza bibi harusi chini ya taa za ukumbini. Utando una rangi kamili, ila sehemu ikitoka inatoka yote na ngozi inaonekana.

Mie nawapaka vyote viwili. Tinti chini, utando juu, rangi mbili zinazokaribiana. Biriani ikila utando pale katikati, chini kuna wekundu, na mtu hata akisogea karibu haoni duara. Kwa hivyo kabla hujafikiria kununua lipstiki nyengine ya bei kubwa, tafuta tinti. Uliza kwenye maduka ya vipodozi ya Chake Chake, na kama hupati mwagize anayekwenda Unguja akutazamie Darajani au Mlandege. Usije ukadanganywa na bitiruti wala choya. Zinatoa rangi nzuri ya picha moja, lakini rangi zake zinayeyuka kwenye maji, na mate ni maji.

Matayarisho yanaanza sasa, si siku hiyo. Mdomo hauna tezi za mafuta na za jasho kama ngozi nyengine ya uso, ndio maana unakauka upesi na kuinua magamba, na utando ukishika juu ya gamba, gamba likitoka linaondoka nao. Kila usiku bibi harusi apake vaselini na aache kuramba mdomo. Mate yakikauka yanaukausha zaidi kuliko ulivyokuwa. Usiku wa kuamkia harusi chukua sukari laini na asali, sugua taratibu kwa ncha ya kidole, halafu pangusa kwa kitambaa cha uvuguvugu. Iwe usiku huo, si asubuhi yake, ili kama ngozi imechubuka kidogo ipate muda wa kutulia. Mswaki mgumu na chumvi acha kabisa.

Na kwa kuwa atakuwa kwenye singo siku hizo, yaani ule msuguo wa mwili wa bibi harusi, singo isipande mdomoni. Ina karafuu iliyosagwa, na karafuu inawasha. Mafuta ya karafuu ndio usiyakaribishe hata tone. Nyinyi wa Pemba mnayo karibu, kiwanda cha kukamua mafuta ya makonyo, vile vikonyo vya karafuu, kiko hapo Wawi, na kuna wanaoyapaka ili mdomo utune. Unatuna kwa sababu umeungua. Ndimu nayo, kwa wanaosugua ili mdomo ung'are: maji ya ndimu yakibaki kwenye ngozi na jua likaipiga, ngozi huungua na kuacha mabaka meusi ambayo hayaondoki kwa wiki moja.

Siku yenyewe mdomo uwe wa mwisho. Ukianza uso, mpake vaselini mdomoni uikalishe wakati unashughulika na macho. Lakini ukifika zamu ya mdomo, iondoe yote. Hapa ndipo kazi za nyumbani nyingi zinapoharibika. Watu wanasikia mdomo ulainishwe, wanapaka vaselini, na juu ya vaselini ile ile wanapaka rangi inayoogopa mafuta! Pangusa kwa kitambaa cha uvuguvugu chenye tone la sabuni ya uso, pangusa tena kwa maji matupu, kausha kwa tishu. Mdomo ukiuona umekuwa mkavu usio na mng'aro wowote, uko tayari.

Tia tinti kwenye kijiti cha pamba. Anzia ndani kabisa katikati, uje nje. Hii tinti ina ruhusa ya kuingia ndani ambako utando hautafika, usiionee haya. Ngoja ikauke, pangusa ya ziada kwa tishu, na kama haikukolea rudia. Kisha chukua wanja wa mdomo, uchonge, uzungushe mstari, na uujaze mdomo mzima kwa upande wa wanja, kidogo kidogo. Wengi wetu mdomo wa juu ni mweusi kuliko wa chini, na lipstiki moja inaonekana rangi mbili. Wanja ukijaza juu na chini unazileta pamoja. Kwa bibi harusi wa rangi ya maji ya kunde napenda damu ya mzee au waridi iliyokolea. Waridi mpauko hufanya meno yaonekane manjano, lakini hilo mtaamua nyinyi na nguo yake.

Sasa utando. Toa kijiti kwenye kichupa na ukipanguse kwenye shingo ya kichupa, upande huu na upande huu, mpaka kisiwe na tone linaloning'inia. Kitakachobaki juu ya kisponji kinatosha mdomo wote wa chini. Mwambie aache mdomo wazi kidogo kama anayetaka kutamka "e", asitabasamu, maana ukipaka mdomo uliovutwa, ukirudi mahali pake rangi inajikunja. Weka katikati ya mdomo wa chini, vuta kuelekea pembe moja, rudi katikati, vuta kuelekea pembe ya pili. Mpito mmoja. Ukirudia juu ya sehemu iliyoanza kukauka, kisponji kinaikokota rangi na kuacha michirizi.

Tazama kwa karibu pale midomo miwili inapokutana. Utaona ngozi inabadilika: ya nje ni kavu yenye mistari, ya ndani ni laini inayong'aa kwa unyevu. Utando uishie kabla kidogo ya mpaka huo. Ukiuvuka, mate yanauinua ukingo, ulimi unaufuata bila mtu kujijua, na ndio zile chembe chembe zinazokusanyika ndani ya mdomo. Nina hakika sehemu kubwa ya tatizo lako iko hapo.

Akishapakwa juu na chini asifumbe mdomo. Mpe dakika tatu, hata akilalamika. Utasikia watu wakisema huku kwetu lipstiki haikauki kwa sababu ya unyevu wa hewa. Sivyo. Kiyeyusho si maji, kinaruka hata siku ya mvua. Kinachotuponza ni jasho, lile linalotoka juu ya mdomo wa juu na kushuka kwenye mstari kabla haujashika. Kwa hivyo feni iwe inamwelekea tangu mnaanza. Umeme ukikatika, mtoto mmoja akabidhiwe kipepeo cha mkono na akalishwe mbele yake. Kandamiza tishu kwenye ngozi iliyo juu ya mdomo wa juu, weka poda kidogo hapo, si kwenye rangi. Kisha gusa mdomo kwa mgongo wa kidole, kikinata, bado. Mkono wa pili ni hiari, na uwe mwembamba kuliko wa kwanza, tena wa kwanza ukishakauka kabisa.

Ile hila ya kuweka tishu juu ya mdomo na kupitisha poda kwa brashi, ambayo najua umeiona mahali, ni ya lipstiki ya kijiti, yenye nta na mafuta. Tishu inanyonya mafuta, poda inakausha. Kwenye lipstiki hii ya maji haina kazi. Na bibi harusi akitaka mdomo unaong'aa, usimpake glosi ya kawaida juu yake, itaulainisha utando na kazi yote irudi nyuma. Kuna zinazouzwa zenye ncha mbili, rangi upande mmoja na ya kung'arisha upande wa pili. Ile ya kung'arisha imetengenezewa rangi yake. Akiwa king'ang'anizi wa mng'aro, nunueni hiyo.

Chakula. Kwanza ashibe kabla hujamgusa mdomo, msimlaze njaa kwa ajili ya rangi. Saa 24 za kwenye boksi hazikuhesabiwa mbele ya sahani ya biriani. Ukumbini anywe kwa mrija, na chakula akatiwe vipande vidogo vinavyoingia bila kugusa mdomo. Mahali pa hatari ni keki. Krimu ya keki ni mafuta matupu, na bwana harusi hana uzoefu wa kulisha mtu mbele ya kamera. Kipande kiwe kidogo, na kisiwe cha upande wenye krimu nyingi. Akishakula akandamize tishu, asifute.

Utando ukitoka katikati, usiongeze juu. Nenda naye pembeni, chovya kijiti cha pamba kwenye tone la mafuta ya nazi, safisha katikati tu mpaka zile kingo zilizoinuka zilainike na kuondoka. Kausha kwa kijiti kikavu, halafu chengine chenye maji, halafu kikavu tena, kwa sababu mafuta yakibaki umerudi ulikotoka. Gonga tinti, ikauke, halafu utando mmoja mwembamba. Mfuko wako wa ukumbini uwe na hivyo tu: vijiti, tishu, kichupa kidogo cha mafuta, tinti na lipstiki. Tena vijiti vipya kila mara. Kichupa cha bibi harusi kisipite kwa mashoga zake wote, maana malengelenge ya mdomo yanaambukizwa hivyo.

Fanya jaribio kamili kwake, si kwako, mapema, na mlo uwe ule ule wa harusi. Siku mbili kabla ya jaribio mpake lipstiki na tinti kidogo ndani ya kiwiko. Pakiwasha au kuvimba, tafuta nyengine. Na hicho kichupa chako kikague: kwenye boksi kuna alama ya kopo lililofunguliwa lenye namba na herufi M, hiyo ni miezi ya kutumika tangu siku ya kufunguliwa. Kikinuka mafuta ya zamani, au rangi imejitenga na ukitikisa hairudi, si cha kuwekwa kwenye mdomo wa mtu. Bidhaa isiyo na jina la mtengenezaji wala orodha ya viungo iachie muuzaji wake hata kama ni rahisi; ukiona vipodozi vya kutia shaka, Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar ndio wenye kazi hiyo. Na ukisoma viungo, CI 75470 ni nyekundu inayotokana na mdudu. Wanazuoni wana kauli tofauti juu yake, kwa hivyo kama nyumba yenu mnalijali hilo, soma kabla hujalipa.

Sala sasa. Maji ya udhu lazima yaifikie ngozi ya uso, na sehemu ya mdomo inayoonekana mtu akiufunga ni uso. Utando wa aina hii unazuia maji, ndio sifa yake unayouzwa kwayo, kwa hivyo mtu hawezi kutia udhu juu yake. Tinti ni kama hina: rangi imebaki, kitu cha kuzuia hakipo. Muulizeni na ustadhi wenu, lakini nijuavyo hapo hapana ubishi mkubwa. Njia rahisi ni kupanga saa. Atie udhu, aswali magharibi, ajiweke na udhu wake, ndio umpake. Rangi iliyopakwa baada ya udhu haiuvunji, na isha ikiingia anaswali nayo. Udhu ukimtoka, rangi itatoka na wewe utapaka upya, kwa hivyo jiachie nusu saa ya ziada usikimbizane na gari la kwenda ukumbini.

Na aitoe kabla ya kulala, kwa sababu alfajiri anahitaji udhu na saa hiyo hatakuwa na hamu ya kusugua mdomo. Asiibandue kwa kucha. Apake mafuta ya nazi ya kutosha, ayaache dakika mbili tatu, kisha apanguse kwa kitambaa laini kutoka pembe kuja katikati, arudie mpaka kitambaa kitoke safi, aoshe kwa sabuni, apake vaselini. Tinti itabaki kidogo siku ya pili, haina neno. Kitambaa mpe cheusi, umtilie wewe mwenyewe kwenye begi lake, la sivyo atatumia taulo jipya la ukweni.